Dubu asiye na mfupa: kisa cha nyayo 5 za Laetoli

Kwa zaidi ya miaka 30, kaskazini mwa Tanzania palikuwa na dubu ambaye hakuna aliyewahi kuona jino lake wala ubavu wake. Aliishi kwenye makala za kitaalamu tu, akitajwa kwa tahadhari, na kazi yake ilikuwa moja: kueleza nyayo 5 ambazo hazikufanana na nyayo nyingine za zamadamu zilizopatikana jirani. Desemba 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliomwondoa. Vyombo vya habari vikaandika kwamba kumegunduliwa nyayo mpya za kale, na nusu ya habari hiyo ilikuwa kweli. Nyayo zilishaonekana tangu 1976, miaka miwili kabla ya zile ambazo kila mwanafunzi wa historia amezikariri. Kilichogunduliwa upya ni mahali zilipokuwa.

Kisa hiki kimeandikwa mara nyingi kama ushindi wa upande mmoja dhidi ya mwingine, nami sikioni hivyo. Kwangu ni kisa cha ushahidi uliohukumiwa kabla haujasafishwa, na watu wote waliohusika walikuwa hodari wa kazi yao.

Laetoli ipo ndani ya eneo la hifadhi la Ngorongoro, kusini mwa Bonde la Oldupai, kwenye nchi ya malisho ya Wamasai. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilirusha majivu yaliyotua ardhini kama unga mwembamba. Mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakalowa, wanyama wakapita juu yake, kisha jua likayakausha na majivu mengine yakaanguka juu. Kwa kuwa majivu hayo yalikuwa na kemikali za jamii ya kabonati, yaliganda haraka mfano wa saruji. Kwa muda mrefu mlima Sadiman, ulio mashariki mwa Laetoli, ulitajwa kuwa ndio chanzo. Baadaye wanajiolojia wengine wakaanza kuutilia shaka, na ubishi huo ni kisa kingine. Lililo hakika ni kwamba tabaka hilo lilihifadhi hata vishimo vya matone ya mvua, pamoja na maelfu ya nyayo: sungura, kanga, swala, twiga, tembo, na farasi wa kale mwenye vidole vitatu.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alikuwa amefika huko na mumewe Louis mwaka 1935 bila kukaa sana. Alirudi miaka ya 1970 akiwa na kikosi cha wachimbaji, wengi wao Wakamba kutoka Kenya, ambao bila wao sehemu kubwa ya sayansi hii isingekuwepo. Mmoja wao, Maundu Muluila, ndiye aliyeliona mwaka 1974 taya la chini lililosajiliwa kama LH 4. Mwaka 1978 taya hilo likafanywa kielelezo rasmi cha spishi ya Australopithecus afarensis, ile ile ya Lucy, mifupa maarufu ya zamadamu iliyopatikana Ethiopia. Yaani jina lina Afar, eneo la Ethiopia, ndani yake, lakini kielelezo ni cha Laetoli. Watanzania hatulisemi hili vya kutosha.

Nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976 kwa namna ambayo hakuna mwombaji wa ruzuku angethubutu kuiandika kwenye maombi yake. Wageni waliokuja kuitembelea kambi, akiwemo mwanapaleontolojia Andrew Hill, walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo. Hill akaanguka akijikinga, na alipokuwa pale chini akaona alama kwenye jiwe. Kuanzia hapo kikosi kikaanza kutafuta nyayo badala ya mifupa peke yake, na mwaka huo huo, kwenye eneo lililopewa herufi A, zikatokea nyayo 5 zilizofuatana za kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili.

Mary Leakey alisema ni za zamadamu, ila zilikuwa na kasoro ya kuvutia. Zilikuwa fupi na pana. Tena mguu mmoja ulivuka mbele ya mwingine: wa kushoto ukatua upande wa kulia wa mstari wa mwendo. Binadamu hufanya hivyo anapoyumba au anapotafuta mahali pa kukanyaga, ila si kawaida ya mwendo wake. Nyayo zikafukuliwa kwa sehemu tu, wala matope yaliyoziba vidole hayakuondolewa yote. Naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo shina la mambo yote yaliyofuata.

Mwaka 1978 likaja eneo la G. Paul Abell aliona kisigino, na mchimbaji Ndibo Mbuika alipoendelea kufukua akakuta mstari wa pili ukienda sambamba na wa kwanza. Kufikia 1979 palikuwa na njia ya takriban mita 27 yenye nyayo karibu 70 za watu watatu, mmoja akiwa amekanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Kisigino kilionekana wazi, kidole gumba kimelala sambamba na vidole vingine, na uzito umepita kwenye unyayo jinsi unavyopita kwenye unyayo wako ukitembea ufukweni. Ubishi juu ya lini mababu zetu walianza kusimama wima, na kama kusimama kulitangulia ubongo mkubwa, ulipata jibu ambalo mtu yeyote angeweza kulisoma kwa macho. Baada ya hapo, nani angekuwa na haja ya nyayo 5 zilizopinda za eneo A?

Hapo ndipo dubu akaingia. Russell Tuttle wa Chuo Kikuu cha Chicago, mtaalamu wa mwendo wa sokwe na binadamu aliyealikwa kuzichunguza nyayo za Laetoli, alieleza katika miaka ya 1980 kwamba nyayo za A huenda zikawa za dubu mchanga aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Leo ni rahisi kulicheka wazo hilo. Lakini tulipime kwa haki yake. Dubu hukanyaga kwa unyayo mzima, kisigino hadi vidole, kama sisi. Ana vidole vitano. Tena kwake kidole kikubwa kiko upande wa nje wa mguu, si upande wa ndani, kwa hiyo alama ya mguu wake wa kulia hufanana na ya mguu wa kushoto wa mtu. Sasa rudi kwenye ule mvuko wa miguu. Ukiamini kiumbe yule ni mtu, lazima ueleze kwa nini alipishanisha miguu. Ukiamini ni dubu, mguu uliouita wa kushoto unakuwa wa kulia, na mvuko unatoweka wenyewe. Dhana moja inaondoa fumbo zima, na mwanasayansi huvutwa na dhana ya namna hiyo. Isitoshe, Afrika ilikuwa na dubu: mabaki ya dubu mkubwa wa kale aitwaye Agriotherium yamepatikana Langebaanweg, Afrika Kusini, katika matabaka ya umri wa miaka milioni 5 hivi.

Udhaifu wa dhana hiyo ulikuwa mahali pengine. Laetoli imetoa maelfu ya mabaki ya wanyama, kuanzia panya hadi tembo, na hakuna hata kipande kimoja cha dubu. Kutokuwepo kwa mfupa hakuthibitishi kutokuwepo kwa mnyama, hilo kila mtu wa fani hii hufundishwa mapema. Ila mahali ambapo hata sungura ameacha mifupa na nyayo, dubu aliyeacha nyayo 5 tu na asiache kitu kingine chochote anahitaji kutetewa zaidi ya alivyotetewa.

Hakuna aliyemtetea, na hakuna aliyemfukuza. Hiki ndicho kipindi kinachonishughulisha kuliko vyote, ingawa katika simulizi nyingi hurukwa kwa sentensi moja. Tuttle hakusema kwa hakika kwamba ni dubu. Alitia shaka, na shaka hiyo ikageuka sababu ya kutozitumia nyayo za A katika hoja yoyote. Ukiandika makala juu ya asili ya kutembea wima na ukazitaja, mhakiki atakuuliza: na lile suala la dubu? Ni nafuu kuziacha. Eneo la G lilikuwa refu, safi na lisilo na ubishi. Kila mwandishi aliyefanya uamuzi wa busara kwa makala yake aliongeza jiwe moja juu ya kaburi la A, na baada ya muda hata mahali penyewe hapakujulikana sawasawa tena. Ukimya wa namna hii hauna mtu wa kulaumiwa, na pengine ndiyo sababu ni mgumu kuutibu.

Wakati huo G yenyewe ilikuwa na masaibu yake. Ilizikwa upya mwaka 1979 ili ihifadhiwe, lakini udongo uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikashuka kuelekea kwenye nyayo. Ikabidi Taasisi ya Uhifadhi ya Getty na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania wafukue tena katikati ya miaka ya 1990, waondoe mizizi kwa uangalifu, kisha wazike upya kwa vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, mchanga uliochekechwa na mawe ya volkano juu yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyayo zilizopendwa. Nani angezilinda zile zilizosahaulika?

Jambo lililobadilisha mwelekeo lilikuwa eneo la S. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walikuwa wakichimba mashimo ya majaribio kuona kama ujenzi wa makumbusho uliopendekezwa ungeharibu kitu. Wakakuta nyayo. Pamoja na wenzao wa Italia, akiwemo Marco Cherin, walichapisha matokeo Desemba 2016 katika jarida la eLife: watu wawili zaidi, kiasi cha mita 150 kusini mwa G, wakielekea upande ule ule. Mmoja, S1, alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi, mrefu kuliko afarensis yeyote aliyekuwa amekadiriwa hadi hapo. Kazi ya kawaida ya tathmini ya athari za ujenzi, ambayo wengi huiona kama kugonga muhuri tu, iliwaambia watafiti wote kwamba Laetoli haijaisha.

Juni 2019 kikosi kikaenda kutafuta A. Kilikuwa na Charles Musiba, Mtanzania anayefundisha Chuo Kikuu cha Colorado Denver na aliyeijua Laetoli kwa miaka mingi. Jeremy DeSilva wa Chuo cha Dartmouth, bingwa wa mifupa ya mguu. Na Ellison McNutt, aliyekuwa ameandika tasnifu yake huko Dartmouth na ndiye mwandishi wa kwanza wa makala ya 2021. Walitumia ramani za Mary Leakey. Hofu yao ilikuwa ya wazi: miaka zaidi ya 40 ya mvua za Ngorongoro juu ya majivu yaliyoachwa wazi. Walipofika wakakuta mvua zilezile zilikuwa zimeleta udongo na kuzifunika nyayo. Kwa hiyo nyayo zilizotunzwa na wataalamu ziliingiliwa na mizizi ya migunga, na zile zilizoachwa zikatunzwa na matope. Sishauri mtu yeyote aifanye hiyo kuwa sera.

Kisha wakafanya lile ambalo halikufanywa 1976: wakazisafisha. Taratibu, kwa brashi na vijiti vya mbao, wakautoa ujazo mgumu kwenye kila unyayo, wakazipima kwa leza na kwa fotogrametria, yaani picha nyingi zinazounganishwa kuwa umbo la pande zote. Matope yalipotoka, unyayo ulio bora ukaonyesha kisigino kipana, kidole gumba kikubwa upande wa ndani, na alama ya kidole cha pili. Dubu ana kisigino chembamba, na kidole chake kikubwa kiko nje. Kusema kweli, sehemu kubwa ya mjadala ilimalizikia hapo, chini, kwenye brashi. Lakini wao hawakuishia hapo, na nawasifu kwa hilo.

Walikwenda New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani, kwa Ben Kilham, anayelea dubu weusi walioachwa yatima. Walichagua dubu wachanga wenye miguu ya ukubwa unaokaribiana na nyayo za A, wakawashawishi kwa sharubati ya mti wa mepo na rojo la tofaa wasimame na kutembea kwa miguu miwili juu ya matope. Hatua zao zilitanuka, mguu mmoja mbali na mwingine: dubu akisimama huyumba kushoto na kulia, kwa kuwa nyonga na magoti yake hayamruhusu kuiweka miguu chini ya mwili. Hatua za A zimebanana, zimekaribia mstari mmoja hadi kuvukana. Pia walipitia zaidi ya saa 50 za video za dubu wa porini. Muda waliotembea kwa miguu miwili haukufika asilimia 1. Kwa sokwe, walipima wale wa hifadhi ya kisiwa cha Ngamba, Uganda. Hao nao hupanua miguu wanaposimama. Aliyebaki ni zamadamu.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo naona wasomaji wengi, na waandishi wa habari karibu wote, waliipita kwa kasi. Makala ya 2021 ina madai mawili. La kwanza: nyayo za A si za dubu, ni za zamadamu. La pili: ni za zamadamu tofauti na wale wa G, kwa hiyo Laetoli ilikuwa na angalau spishi mbili zilizotembea kwa namna mbili katika wakati mmoja. Madai haya hayana uzito sawa, ingawa yalitangazwa kwa sauti moja.

La kwanza nalikubali bila kusita. Lina umbo la unyayo, lina upana wa hatua, lina tabia ya dubu hai, na lina kabati zima la visukuku lisilo na dubu.

La pili linasimama juu ya nyayo 5, na katika hizo ni 2 tu zilizohifadhika vizuri kiasi cha kuonyesha umbo la mguu. Mwenye nyayo hizo alikuwa na mguu wa takriban sentimita 16 na kimo cha zaidi kidogo ya mita moja. Mtu wa kimo hicho angeweza kuwa mtoto. Mguu wa mtoto ni mpana kwa urefu wake, na mtoto huyumba. Majivu yenye unyevu hayakuwa na ugumu sawa kila mahali, na unyayo wa mtu yule yule hubadilika kutoka hatua moja hadi nyingine. Waandishi wanalijua pingamizi hilo. Walilinganisha nyayo za A na za binadamu wa rika mbalimbali, na wanasema tofauti na G inazidi ile inayotarajiwa ndani ya spishi moja. Huenda wako sahihi. Lakini nyayo za mtembeaji mmoja, mwenye hatua 5, kati ya hizo moja ikiwa imevuka mstari, ni sampuli ndogo kuliko dai linaloning'inia juu yake. Kama tulilalamika kwamba dubu alipitishwa bila ushahidi wa kutosha, hatuwezi kumpitisha jirani wa afarensis kwa kipimo chepesi zaidi.

Kinachonifanya nisilitupe dai hilo ni majirani wa mbali. Huko Woranso-Mille, Ethiopia, mwaka 2012 ulitangazwa mguu wa umri wa miaka milioni 3.4 wenye kidole gumba kinachoshika kama cha sokwe, hivyo hauwezi kuwa wa afarensis. Magharibi mwa Ziwa Turkana, Justus Erus aliona mwaka 1999 fuvu la miaka milioni 3.5 ambalo likaja kuitwa Kenyanthropus platyops. Ile picha ya zamani ya spishi moja peke yake ikitawala Afrika Mashariki katika kipindi hicho imeshatoboka. Na mwaka 2024, Kevin Hatala, ambaye pia ni miongoni mwa waandishi wa makala ya Laetoli A, aliongoza utafiti katika jarida la Science juu ya nyayo za Koobi Fora, Kenya, za umri wa miaka milioni 1.5. Richard Loki ndiye aliyeuona unyayo wa kwanza wa zamadamu pale mwaka 2021, kikosi kikiwa kinafukua nyayo za ndege wakubwa. Juu ya tope moja walipita watembeaji wa aina mbili, wanaodhaniwa kuwa Homo erectus na Paranthropus boisei, kwa tofauti ya saa au siku chache. Huo ni wakati mwingine na viumbe wengine, hautoi hukumu juu ya Laetoli. Ila unaonyesha kwamba kipimo cha aina hii kinaweza kutenganisha miguu miwili pale nyayo zinapokuwa nyingi na safi.

Kuhusu Tuttle, nimewasikia wanaosema aliichelewesha sayansi. Yeye alisoma nyayo zenye matope ndani yake na akasema anachokiona kinaweza kuwa dubu. Kauli hiyo ilikuwa inaweza kupimwa kwa brashi na mtungi wa sharubati, tangu siku ilipotolewa. Wala vifaa vya kisasa si kisingizio kikubwa: leza ilisaidia kuhifadhi na kulinganisha, lakini kisigino kipana na kidole cha ndani vingeonekana kwa jicho mwaka 1980. Kilichokosekana ni mtu aliyeona faida ya kurudi mahali ambapo hakuna jina jipya la spishi lililoahidiwa.

Yapo yanayoweza kufanywa sasa bila kusubiri bahati nyingine ya mavi ya tembo. Tabaka lenye nyayo linaendelea chini ya udongo sehemu nyingi za Laetoli, kama eneo la S lilivyoonyesha. Nyayo zaidi za mtembeaji wa A, au za wenzake, zingemaliza hoja ya mtoto anayeyumba kwa upande mmoja au mwingine. Mifupa ya mguu ingekuwa bora zaidi. Halafu kuna meno na mataya. Mabaki ya zamadamu wa Laetoli yamewekwa karibu yote chini ya jina la afarensis, kwa sababu hapakuwa na sababu ya kumtafuta mwingine. Ikiwa McNutt na wenzake wamesema kweli katika dai lao la pili, basi yawezekana baadhi ya meno yaliyookotwa na kikosi cha Mary Leakey miaka ya 1970 yamekaa kwenye makabati kwa nusu karne yakiwa na jina la jirani. Hayo tayari yamesafishwa, na yana namba.